Shabani Hakufukuzwa Riyadh

Tangu nirudi, kila anayekuja kunipa pole ya safari anakaa kwenye mkeka wangu, anakunywa chai yangu, halafu jicho linamtoka kuelekea mlango wa chumba cha nyuma. "Kumbe na Shabani kaja?" Kama vile hamjaviona viatu vyake hapo nje, vikubwa kama masufuria ya shughuli. Mnauliza kwa sauti ya upole, mkitoka hapa mnasema kafukuzwa. Mama Zuhura muuza mkaa kaniambia, na yeye kayasikia kwenu. Basi nimeona niandike mara moja, mpeane, msome, nisirudie rudie kama kanda iliyokwama. Shule yangu iliishia darasa la nne na herufi zangu zimelala ovyo, lakini nitakayoandika nimeyaona kwa macho yangu haya.

Habari za pasi na viza siandiki. Nani anataka kusoma foleni?

Kwanza muielewe kazi ya Shabani, maana wengi mnasema "anacheza mpira" mkidhani ni wa miguu. Mjukuu wangu anarusha mpira kwa mkono. Unaitwa besiboli. Mrushaji anasimama juu ya kijilima cha udongo katikati ya uwanja, mbele yake kuna mtu kashika gongo, na kazi yake ni kuurusha mpira upite yule mtu asiupate. Akiupata ukadakwa hewani, katoka. Akiupata ukaanguka mahali hakuna mtu, anakimbia, na hapo mrushaji kapigwa. Ni hivyo tu. Mengine ni mapambo.

Na mkono wenyewe mnaujua. Ndio uleule uliokuwa ukiwapiga kunguru hapa uani enzi nakaanga samaki. Kunguru yuko juu ya nguzo ya umeme, Shabani yuko mlangoni na kaptura inamvuka, jiwe moja, kunguru chini. Alikuwa haachi kurusha mpaka nimalize kuingiza masinia na kumwita, "Shabani, samaki wameingia ndani!" Nisipoita, anarusha mpaka bega linavimba. Mwalimu wa Kijapani aliyekuwa anafundisha shuleni kwao akamwona, akamnyang'anya jiwe, akampa mpira. Kutoka hapo akachezea taifa, akaenda Japani kwenye timu ya mji wa theluji wakawa wanamlipa mshahara kwa ajili ya ule mkono, kisha timu ya Riyadh ikamchukua. Mtoto wa Mbagala! Nimemlea mimi baada ya mama yake kufariki, kwa samaki na vitumbua, na tangu avue kaptura ya shule sijawahi kumwona akicheza. Ndiyo maana nilikwenda.

Tena nilikwenda nikijua jambo moja. Mkataba wake ulikuwa unakwisha. Bosi wa timu, ambaye ndiye kafili wake, yaani mdhamini wa kibali chake cha kuishi kule, angekuja kutazama mechi moja tu, na baada ya hiyo aseme nani anabaki na nani anarudishwa kwao. Shabani ameshafika umri ambao warushaji wanakaguliwa kama ng'ombe wa mnadani, meno mpaka kwato. Kwenye simu alikuwa ananiambia, "Bibi, niombee hiyo moja." Nikawa naomba hiyo moja.

Dar es Salaam mpaka Jeddah

Ndege haina hadithi. Unakaa, unapewa wali kwenye kisahani cha mtoto, unashuka.

Hadithi ilianza kwa watu wa forodha Jeddah. Nilikuwa nimebeba dagaa wa Kigoma, kwa sababu Shabani tangu mdogo hashibi bila dagaa. Kijana aliyevaa sare akafungua mfuko, akarudi nyuma kama kaona nyoka.

"Esh hada, ya hajja?"

"Dagaa," nikamwambia.

Akaita mwenzake. Mwenzake akanusa, akaita wa tatu. Wakasimama kuuzunguka mfuko wangu wakibishana, na mimi nimesimama pale na miguu yangu hii, watu wote wa ndege yetu wanapita na mabegi yao wananiacha. Mwisho akaja mzee wao mmoja mwenye mvi, akachukua dagaa mmoja, akamtafuna taratibu akiangalia dari.

"Samak," akawaambia. Akachukua na wa pili. "Halas. Yalla, hajja, yalla."

Nikatoka nikiwa mtu wa mwisho kabisa. Nikaangaza huku, nikaangaza kule. Shabani, aliyeahidi kunipokea, hayupo.

Nikasimama. Watu wanakumbatiana, watoto wanabebwa, na mimi nimeshika mfuko wa dagaa. Hofu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba bosi ameshaamua na mtoto ameshapandishwa ndege, labda tumepishana huko juu mawinguni. Ndipo akaja bwana mmoja wa Kipemba, mfupi, kanzu ina madoa ya mafuta ya kupikia. "Bi Zaina wa Mbagala? Mimi Khatibu, mpishi. Shabani kan'tuma n'kupokee, mamaangu. Yeye hawezi kutoka Riyadh."

Al-Baghdadiyah

Khatibu anakaa Al-Baghdadiyah, mtaa wa hapohapo Jeddah, chumba juu ya duka la vitambaa, na alinipisha kitanda chake, Mungu amlipe. Akaweka simu yake mezani, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, akampigia Shabani tukaonana uso kwa uso.

"Shikamoo, Bibi! Pole, Bibi wangu. Mechi imewahishwa. Bosi anasafiri, kwa hiyo ni keshokutwa. Kocha haruhusu mtu kutoka mjini. Panda basi la asubuhi, nitakupokea mwenyewe."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda, ni simu ya Khatibu."

Tukacheka. Akainua kikombe chake akanywa chai. Akanywa kwa mkono wa kushoto.

Mnanijua mimi. Katika nyumba yangu mtoto hapeleki mkono wa kushoto kwenye chakula hata akiwa usingizini. "Shabani! Mkono gani huo?"

"Ah, Bibi, wa kulia umeshika simu."

Akabadilisha mazungumzo. Lakini simu yake ilikuwa haitikisiki hata kidogo. Ilikuwa imeegemezwa mahali kama ile yetu. Nililiona hilo, nikalimeza mbele ya Khatibu. Nikalala nimeudhika. Nikasema moyoni, basi, hela za watu zimeshamharibu, kaacha adabu.

Asubuhi Khatibu aliniletea ful, maharage yao yale yaliyopondwa, yamemwagiwa mafuta na bizari ya pilau, na mkate mpana kama ungo. Nimekula vizuri, siwafichi. Akanipakia kwenye basi na kuniusia, "Wakisimama, usishuke mbali. Wakisema mafi, usibishane. Mafi maana yake hakuna, na kwao hakuna ni hakuna."

Njia ya Riyadh

Njia ile ni ndefu, na haina kitu. Mnaosema Dodoma kukavu, nyamazeni. Mawe, mchanga, nguzo za umeme, ngamia wawili wamesimama kama wamesahauliwa, tena mawe.

Kiti cha pembeni yangu alikaa msichana wa Kikenya, Akinyi, nesi wa hospitali moja Riyadh, alikuwa ametoka kumwona dada yake Jeddah. Kumbe nikiwa namlaani Shabani kwa sauti kuhusu ule mkono wa kushoto, yeye anasikia.

"Shosho, wewe ni wa Tanzania? Hiyo Kiswahili yako ni ya kitabu kabisa!"

Shosho kwao ni bibi. Nikamweleza yote. Besiboli hakuijua, lakini alijua maana ya mkataba kuisha. "Enyewe hiyo ni pressure, shosho. Hapa bila kazi ikama, hiyo permit ya kuishi, inakufa, na wewe unaenda home. Hakuna mambo mingi."

Jua lilipoanza kuegemea upande, basi likakohoa, likatoa moshi, likafa. Dereva akashuka, akafungua nyuma, akarudi akasema neno moja. "Mafi."

Nikakumbuka usia wa Khatibu, lakini nikabishana. Kwa Kiswahili, kwa mikono, kwa mwavuli wangu. Mechi ni kesho! Mjukuu wangu! Dereva akawa ananiangalia kwa huruma, na huruma yake ikanitia hasira zaidi. Akinyi akanivuta. "Wacha, shosho. Wametuma basi ingine. Itakuja."

"Lini?"

"Hiyo ndio hawajasema."

Baridi ikaanza. Hakuna aliyeniambia kwamba Arabuni kuna baridi! Nilikuwa na dera na mtandio tu, upepo unapita kama nimevaa wavu. Familia moja ya wenyeji wakatandika zulia kando ya barabara, wakawasha moto, na mama yao, mwanamke mzito mwenye sauti nzito, akaniita nikae. Akanimiminia kahawa yao chungu yenye iliki kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Nikanywa, nikamrudishia. Akajaza. Nikanywa, nikarudisha. Akajaza. Nikasema moyoni, kukataa cha mwenyeji ni utovu wa adabu, nikanywa. Yule mama anatabasamu, anajaza. Moyo ukaanza kunidunda kama ngoma ya vanga, tumbo limejaa, na birika haliishi. Akinyi akawa anacheka mpaka kaegemea tairi.

"Shosho! Tikisa kikombe! Ukishatosheka unatikisa, ndio aache!"

"Si ungesema mapema, mbwa wewe?"

"Nilidhani unaipenda!"

Nikatikisa. Yule mama akapokea kikombe, akanipiga begani, na sote tukacheka, hata mimi. Lakini nikicheka huku naiangalia barabara. Kila taa inayokuja nadhani ndilo basi, inapita. Nilikuwa nafikiria kijilima cha udongo na mtoto wangu juu yake, na mimi niko huku nakunywa kahawa na ngamia.

Basi lilikuja. Tukaingia Riyadh alfajiri, siku yenyewe ya mechi.

Malaz

Shabani alikuwa kituoni, kavaa koti kubwa. Akanikumbatia kwa mkono mmoja, wa kulia ukabaki mfukoni. Akamshukuru Akinyi, na mimi nikamwambia binti aje uwanjani jioni, maana alikuwa na mapumziko na mimi nilihitaji mtu wa kunisemea.

Shabani anakaa Malaz, fleti ya ghorofa ya pili, pamoja na mdakaji wake, kijana wa Kipakistani anaitwa Adnan. Mdakaji ni yule anayechuchumaa nyuma ya mtu wa gongo na kuudaka mpira wa mrushaji. Adnan ana magoti mabaya na moyo mzuri. Alikuwa amepika sinia la wali na kuku, akatandika chini kwa heshima, tukakaa.

Na Shabani akachukua kijiko. Kwa kushoto.

Basi nikafoka. Sikuangalia kama kuna mgeni. "Nimepanda ndege, nimekufa njaa na baridi barabarani, nimekuja kumwangalia mtu anayekula na mkono wa chooni? Ndivyo nilivyokulea? Mama yako angekuwa hai angeficha uso!"

Adnan haelewi Kiswahili, lakini akaangalia chini kama mtu anayeelewa. Shabani akakiweka kijiko.

"Nimezoea vibaya Japani, Bibi. Nisamehe."

"Kule theluji imekula na akili?"

"Nisamehe, Bibi."

Hakula tena. Akaenda kulala kidogo kabla ya mechi, na mimi nikabaki na sinia nimeshiba hasira. Nikamwona Adnan akichukua chupa ya maji ya moto na kuipeleka chumbani, akafunga mlango. Nikadhani ni mambo yao ya wachezaji.

Uwanjani

Uwanja uko nje ya mji, majani ya kijani kibichi katikati ya vumbi kama zulia lililodondoshwa na gari. Watu hawakuwa wengi, Wafilipino, Wapakistani, Wajapani wachache, na upande wa kivuli viti vya maana alipokaa bosi na kanzu yake nyeupe na koti juu yake. Sisi tulikaa karibu na waya, na upande wa pili wa waya ndipo lilipo benchi la timu ya Shabani. Ilikuwa baada ya alasiri na upepo wa baridi.

Shabani akapanda kile kijilima. Jamani. Mlimwona akiwa anapiga kunguru, hamjaona kitu. Anainua mguu, anajikunja kama kamba inayosokotwa, halafu mkono unatoka na mpira husikii, unasikia tu "pa!" kwenye glavu ya Adnan, na yule wa gongo anaangalia nyuma kuuliza umepita wapi. Mmoja, wa pili, wa tatu. Nikapiga vigelegele mpaka Wajapani wakageuka.

Mechi ina raundi tisa. Timu ikimaliza kurusha inakwenda benchi, wenzao wanarusha, hivyo hivyo. Raundi ya kwanza hakupigwa, ya pili hakupigwa. Zikapita nne, tano, sita. Hakuna hata mtu mmoja aliyeupiga mpira wa Shabani ukagusa majani salama. Akinyi alikuwa ameanza kuuma kucha. "Shosho, huyu kijana anaua!"

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Kila wakirudi benchi, wenzake wanamkimbia. Mwanzoni walikuwa wanampiga mgongo, wanacheka naye. Kadiri anavyozidi kuwaangusha watu, ndivyo wanavyozidi kusogea mbali. Mpaka raundi ya saba, benchi zima limejazana upande mmoja kama kuku kwenye mvua, na Shabani kakaa upande wa pili peke yake, kajifunika koti kichwani. Hakuna anayemsemesha. Hakuna anayempa maji. Hata Adnan, anayelala naye nyumba moja, anapita mbele yake anaangalia pembeni!

Nanyi mnajua kususwa ni nini. Mtu akisuswa hapa kwetu, hazikwi wala haozeshi. Damu ikanichemka. Nikajua tu, wameona mtoto wa watu anawazidi, wana wivu, wanamtenga mbele ya bosi.

"Shosho, unaenda wapi?"

Nilikuwa nimeshafika kwenye kigeti. Mlinzi akaninyooshea mkono. "Mamnu', hajja! Mafi!"

"Mafi mwenyewe," nikamwambia, nikapita chini ya mkono wake.

Benchi lote likageuka. Kocha, mzee wa Kivenezuela mwenye tumbo na kofia, akafungua mdomo ukabaki wazi. Mwingine akafunika macho kwa glavu. Mimi nikaenda moja kwa moja nikakaa kando ya mjukuu wangu.

"Bibi, ondoka," akasema bila kugeuka. "Nakuomba."

"Niende wapi? Wenzako wamekususa, na mimi nikususe?"

"Hawajanisusa. Ondoka, Bibi."

Nilikuwa na tende kwenye kanga, nilizopewa na yule mama wa barabarani. Nikampa moja, ale apate nguvu. Akatoa mkono wa kushoto kuipokea.

Hapo nikaona heri niaibike siku hiyohiyo yaishe. Nikaukamata mkono wa kulia, nikautoa ndani ya koti, nikamwekea tende kwenye vidole. "Kula kama nilivyokufundisha."

Tende ikaanguka.

Nikadhani kaiangusha kwa kiburi. Nikaweka nyingine, nikamkunjia vidole mimi mwenyewe. Nilipoachia, vikafunguka taratibu, tende ikaanguka karibu na mguu wake. Mkono ulikuwa wa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nikakichukua kidole cha mwisho nikakifinya kwa kucha, kwa nguvu, vile nilivyokuwa nikimfinya akisinzia kwenye Kurani. Hakushtuka. Hakujua hata kama nafinya.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujapanda ndege." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Vilikuwa viwili tu, Bibi. Mpira naushika kwa hivi vitatu. Sasa na hiki cha kati kimeanza."

"Nani anajua?"

"Adnan anajua kiwiko kinauma. Vidole hajui. Nikisema, bosi ananirudisha kesho."

"Na hawa wote hawakuoni?"

Hapo ndipo akanitazama. "Ni desturi yao. Mrushaji akiwa hajapigwa hata mara moja, hasemeshwi, hakaribiwi, wasije wakaivunja bahati yake. Mimi leo nimefurahi. Hakuna wa kuniuliza. Bado raundi mbili, Bibi. Raundi mbili tu, na mkataba ni wangu."

Nikaangalia kule juu kwa bosi. Akinyi yuko kwenye waya, ananionyesha mikono, nini, nini? Neno hospitali kila mtu pale angelielewa. Ningelipiga kelele, lingesikika uwanja mzima, na mtoto angetolewa kwa mdomo wangu mimi. Akinyi mpaka leo ananiuliza kwenye simu kwa nini sikupiga kelele. Sikupiga. Nimemlea, nimemtawaza, nimemfinya, lakini mkono ni wake.

Wakaanza kusimama, raundi ya nane inaanza. Shabani akasimama naye. Nilikuwa nimeufunga ule mkono ndani ya kanga yangu, nikaufungua.

"Shabani," nikamwambia. "Samaki wameingia ndani."

Alisimama kidogo tu. Kisha akatoka, akapanda kile kijilima.

Moyo ulikuwa unakwenda kuliko siku ya kahawa. Mtu wa gongo yuko tayari. Adnan kachuchumaa. Shabani akainua glavu, akautia mkono ndani kuuchukua mpira, akainua mguu. Akaushusha. Akainua tena. Uwanja kimya, wanadhani anamtega yule mtu. Mpira ukamtoka mkononi kabla hajajikunja, ukabingirika kwenye udongo mpaka kwenye majani. Mtu mmoja kule nyuma akacheka.

Shabani akaufuata, akainama, akauokota kwa mkono wa kushoto. Hakurudi juu. Akatembea na mpira ule mpaka benchi, uwanja mzima unamwangalia, bosi kasimama. Kwao mrushaji hajitoi. Kocha ndiye hupanda kijilima akamnyang'anya mpira. Shabani alimwekea kocha mpira kiganjani mwenyewe, akaukunja mkono wa yule mzee juu yake, kama anayelipa.

Akaingia mrushaji mwingine. Mpira wake wa kwanza ukapigwa, ukaanguka kwenye majani.

Malaz tena

Akinyi ndiye aliyetuingiza hospitalini kwake. Daktari akasema kuna mshipa wa fahamu pale kwenye kiwiko umebanwa mpaka umechubuka, akauliza ni mwendawazimu gani amekuwa akirusha nao. Akampasua. Alipoulizwa kama vidole vitarudi, alisema labda, na kwamba raundi mbili zile zingeifuta hiyo labda.

Bosi alikuja mara moja. Hakuwa mbaya, nisimsingizie. Alileta maua ya plastiki na akasema mkataba ukiisha hautaandikwa mwingine. Uliisha, haukuandikwa. Hiyo ndiyo habari mnayoitafuta. Hakuna aliyemfukuza.

Wenzake wa timu, wapo waliosema ni yule ajuza aliyekuja kukaa benchi ndiye aliyeivunja bahati. Adnan alinieleza kwa aibu, Akinyi akitafsiri. Nikamwambia awaambie wote, desturi yao ilikuwa imebakiza kidogo inilie mjukuu. Adnan akalia. Alisema alikuwa akimpelekea maji ya moto na kunyamaza, kwa sababu Shabani alimwapisha.

Na Shabani mwenyewe? Hakusema na mimi. Nilibaki kule Malaz nampikia dagaa, namfunga vifungo vya shati, anaangalia ukutani. "Ahsante, Bibi." Basi. Nimepata kufiwa na mume na watoto wawili, lakini ukimya wa fleti ile niliuona mrefu. Siku moja nikamwuliza kama ananichukia. Akafikiri. Akasema, "Bado sijui, Bibi." Nikamwambia akijua anijulishe, nikaenda kuosha vyombo.

Jeddah, mara ya mwisho

Tulirudi Jeddah pamoja kwa basi lisiloharibika. Umra tuliifanya, hiyo ni baina yetu na Mola, siiandiki. Siku ya kuondoka Khatibu alitukaribisha Al-Baghdadiyah, kwenye mkahawa anaopika, tukakaa nje kwenye benchi refu la mbao. Akatuletea wali wa Bukhari na mbuzi, unafuka moshi, na akaleta kijiko kwa ajili ya mgonjwa.

Shabani akakiangalia kijiko. Akakisogeza pembeni. Kovu la kiwiko lilikuwa bado jekundu. Akaunyoosha mkono wa kulia, polepole, akaingiza vidole kwenye wali.

Wali ukamwagika. Akakusanya tena, ukapita katikati ya vidole kama maji ya chujio. Watu wa meza ya pili wakaangalia. Khatibu akafungua mdomo aseme kitu, pole au bismillahi, nikamkanyaga mguu. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kumfanyia tonge, kama nilivyomfanyia alipokuwa hajaota meno. Nikaurudisha mapajani.

Nikasogea mpaka mwisho kabisa wa benchi. Nikampa mgongo kidogo. Nikaangalia barabara, magari, paka, wauza vitambaa, chochote. Nilisikia anavuta pumzi, nikasikia punje zinaanguka kwenye sahani, anaanza tena. Kisha nikasikia anatafuna.

Basi jamani, karibuni nyumbani, chai ipo. Ila mkimkuta Shabani pale barazani na sahani, wali umemwagika mpaka kwenye mkeka, msimpe pole, msimwulize za Arabuni, msimsalimie hata. Kaeni upande huu kwangu. Mtu akiwa katikati ya jambo lile, hasemeshwi.